Mvua ya Bandani

Konsolata alikuwa muuguzi, na muuguzi akishakwambia jambo mara mbili hakwambii mara ya tatu, anachukua hatua. Mara ya kwanza alimkataza mama yake, Philomena, kubeba maji mwezi wa Julai, siku ile alipoteleza ndani ya banda la nailoni, ndoo mkono huu na ndoo mkono ule, akavunjika kifundo cha mkono. Alilala pale kwenye matope tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, mpaka mteja wa miche kutoka Dirma alipokuja kuulizia hoho akamkuta. Mara ya pili alimkataza mwishoni mwa Agosti, baada ya kukaa naye Babati wiki sita, mkono ukiwa ndani ya hogo.

"Mama, unarudi Mogitu kwa sababu umenishinda kwa maneno," Konsolata alimwambia pale stendi. "Ila Jumapili ya kwanza ya Oktoba nitakuja. Nikikukuta na ndoo mkononi, tunaondoka wote, na safari hii huna kurudi."

"Hata ndoo ya kunawia miguu?"

"Hata hiyo."

Philomena alipanda basi bila kubisha, jambo ambalo lingemtia wasiwasi mtu yeyote anayemjua. Hakuwa na ugomvi na nyumba ya mwanawe. Palikuwa na umeme, palikuwa na wali siku yoyote ya wiki, wajukuu walimwamkia vizuri. Lakini alikuwa amekwisha kumwambia Konsolata ukweli wote kwa maneno machache: "Babati nina kiti. Mogitu nina kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa banda lile. Marehemu mumewe, mwalimu Hhando, alilijenga alipostaafu, kwa nguzo za mkaratusi na nailoni iliyosafiri juu ya basi kutoka Arusha. Maofisa wa kilimo waliliita kitalu nyumba, na Hhando alipenda jina hilo akalitamka kila alipopata mgeni. Philomena aliliita banda la nailoni, na baada ya Hhando kufariki jina lililobaki likawa hilo. Ndani mlikuwa na miche elfu tatu kwenye trei: nyanya, hoho, kabichi, pasheni, na kwenye kona miche ya parachichi aliyoibembeleza kama watoto njiti. Watu wa Dirma na Hirbadaw walipanda miche ya Philomena, na wengine walikuwa hawapandi mpaka yeye aseme mwezi umefika. Mwanamke wa miaka sitini na sita ambaye vijiji vitatu vinamsubiri aseme kitu, utamkalishaje kwenye kiti Babati aangalie televisheni?

Tatizo ni kwamba miche elfu tatu wakati wa kiangazi inakunywa ndoo ishirini kwa siku, na mkono wa Philomena sasa ulikuwa unaweza nusu ndoo, kwa shida.

Ndipo akamwita Baltazar.

Baltazar alikuwa fundi bomba wa Katesh. Aliwahi kufanya kazi miaka minane kule Usa River, wakati ule wazungu walipoanza kufungua mashamba ya maua, na tangu arudi hakumaliza siku bila kuyataja. Koki ya nyumbani kwake ilikuwa imefungwa kitambaa mwaka wa pili sasa, maana mganga hajigangi, lakini kwa watu alifanya kazi safi.

"Ndoo!" alisema, akiliangalia banda kwa huruma. "Mama Konsolata, kule kwenye maua hakuna mtu anayejua ndoo. Kule tunatundika mabomba juu, chini ya paa, na kwenye bomba kuna vinyunyizi. Tundu lake ni dogo, unywele unapita kwa shida. Ukifungua koki, maji hayamwagiki. Yanashuka kama ukungu wa mlima Hanang asubuhi. Mche haujui hata kama umenyweshwa."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Utafungua koki. Kwa vidole viwili."

Philomena aliviangalia vidole vyake akaviona vinatosha.

Vinyunyizi arobaini vilikuja kutoka Arusha mkononi mwa kondakta, ndani ya kifuko kidogo mpaka Philomena akadhani ameibiwa. Baltazar alipitisha mistari minne ya mabomba chini ya paa, akaifunga kwa waya kwenye nguzo, akaning'iniza vinyunyizi kumi kila mstari. Tanki la lita elfu moja akaliweka nje, juu ya kichanja cha mbao cha urefu wa mtu na nusu. Akafungua koki kwa madaha.

Vilidondosha. Tone, kimya, tone, kama pua ya mtoto mwenye mafua.

"Mgandamizo hautoshi," Baltazar alisema, bila kuona aibu hata kidogo. "Kule kwenye maua tulikuwa na mota. Hapa umeme haujafika, basi lazima tutumie kilima. Tanki likae juu, urefu wa nguzo tatu za umeme zikipandishwa moja juu ya nyingine. Hapo maji yatashuka na hasira."

Wote wawili wakageuka kuangalia mteremko. Juu ya banda, kwa urefu ule ule wa nguzo tatu au zaidi kidogo, palikuwa na boma la mzee Gidahosh.

Philomena akaguna.

Gidahosh alikuwa Mbarabaig, mfugaji. Alihamia pale kutoka tambarare za Dirma mwaka ule mkoa wa Manyara ulipoanza, na kwa miaka tisa ujirani wao ulikuwa wa salamu na mbuzi. Salamu zilikuwa nzuri. Mbuzi walikuwa wamekula kabichi zake mara tatu, na mara ya tatu Philomena aliwarudisha mwenyewe, pamoja na maneno ambayo padre asingeyapenda. Tena tangu arudi kutoka Babati, mzee alikuwa ameshateremka mara mbili asubuhi na mapema kuuliza kama hajaona mbuzi aliyepotea. "Mtu anayepoteza mbuzi hivi," Philomena aliwaza, "afuge kuku." Sasa ilimbidi apande kwa mtu huyo huyo kuomba.

Alipanda na kilo mbili za sukari na fungu la tumbaku. Alimkuta amekaa kwenye kigoda, shuka begani, akimwangalia ng'ombe mwenye mimba kubwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbuzi wamekula tena?"

"Leo mbuzi hawana kesi."

Mzee akacheka, akampisha kigoda. Philomena akaeleza habari za bomba, vinyunyizi, tanki na nguzo tatu za umeme. Bomba la kijiji lilipita hapo hapo juu, maji yakifunguliwa Jumatano na Jumapili, hivyo tanki lingejaa lenyewe. Gidahosh alisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudia ili awe na hakika.

"Maji yakae kwangu, yanyeshe kwako."

"Ndiyo."

"Bila mawingu."

"Bila mawingu, mzee."

"Mimi nimeomba mvua maisha yangu yote," alisema Gidahosh. "Leo kuna mtu anakuja kuniomba mimi." Akaangalia pale chini, nailoni iking'aa juani, kwa muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyohitaji. "Weka. Ila niachie koki moja ya ndama."

Punda wawili na vijana wa jirani walipandisha tanki. Baltazar alifunga chujio la kitambaa chembamba pale maji yanapotokea, akateremsha bomba jeusi mpaka bandani. Alisema mtaro wa kulifukia atauchimba baadaye, na sote tunajua fundi akisema baadaye anamaanisha nini. Gidahosh alisimama na fimbo yake akiangalia kila kitu, kuanzia asubuhi hadi jioni.

Jumatano tanki likajaa. Alhamisi asubuhi Philomena alisimama mlangoni mwa banda, akashika koki kwa mkono ule mbovu, vidole viwili, akazungusha.

Kwanza mabomba yalikohoa. Kisha vinyunyizi arobaini vikapumua kwa pamoja, na hewa yote ya banda ikawa nyeupe. Maji hayakuanguka, yalitua. Yalitua juu ya majani ya nyanya, juu ya parachichi, juu ya nyusi za Baltazar, na harufu ya udongo ulioloa ikapanda kama siku ya kwanza ya vuli. Philomena alicheka peke yake kwa sauti, kisha akalia kidogo, kwa sababu Hhando hakuwepo kuona. Hhando angewaita wageni.

Akafunga koki, akafungua tena, akafunga. Halafu akampigia Konsolata.

"Njoo hata kesho," alisema. "Njoo na hiyo Jumapili yako. Utanikuta nimekaa!"

Majigambo hayo angeyameza kama angejua.

Ijumaa ukungu ulishuka vizuri. Jumamosi ulionekana mwembamba, na mchana bandani kulikuwa na harufu ya ajabu kidogo, lakini Philomena alikuwa na furaha, na mwenye furaha hanusi. Jumapili asubuhi, akiwa amevaa kwa ajili ya misa, alipita kufungua koki. Mabomba yalikohoa. Vinyunyizi vitatu vikatema tone moja moja vikanyamaza. Thelathini na saba havikufanya hata hivyo.

Alimpigia Baltazar, simu ilikuwa imezimwa. Alizungusha koki mpaka mwisho, akagonga mabomba kwa mwiko, akasali Salamu Maria moja ya haraka. Jua lilikuwa limeshapanda. Trei za miche si shamba: udongo wake ni kiganja kimoja, na ndani ya nailoni mwezi wa Oktoba, mche usiokunywa asubuhi hauna mchana. Majani ya hoho yalikuwa yameanza kulegea.

Philomena akaiangalia ndoo. Ilikuwa imefichwa nyuma ya pipa la maji, imefunikwa na gunia, kwa heshima ya mgeni anayekuja. Alijua vizuri kilichokuwa mbele yake. Basi la Konsolata hufika saa nane. Akiiacha ndoo pale, atakutwa amekaa kama alivyojigamba, na miche imekufa. Akiishika, huenda akamaliza na kuirudisha kabla ya saa nane, au asimalize. Lakini miche elfu tatu haikuwa imemuahidi mtu chochote. Aliyeahidi ni yeye. Alivua viatu vya misa akaondoa gunia.

Alikuwa kwenye nusu ndoo ya kumi na saba, mkono ukimuuma hadi begani, aliposikia gari likisimama barabarani. Konsolata alikuwa amepata lifti ya watu wa ujenzi wa lami. Ilikuwa saa tano kasoro.

Alikuja moja kwa moja mpaka mlangoni mwa banda, na kitenge chake kipya. Aliiangalia ndoo. Akamwangalia mama yake, aliyeloa matope mpaka magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliingia ndani ya nyumba, na Philomena akasikia begi likivutwa kutoka chini ya kitanda, zipu ikifunguliwa. Konsolata alipotoka, begi lilikuwa mkononi na vitenge vimekunjwa ndani yake.

"Nimepiga hesabu za mchana ule wa Julai mara nyingi sana, mama," alisema. "Saa sita. Saa sita nzima ulilala hapo na hakuna mtu aliyejua. Siyo ndoo ninayoiogopa. Naogopa hizo saa sita."

Philomena aliweka ndoo chini.

"Haya," alisema mwisho. "Ila nisaidie kumaliza safu mbili zilizobaki. Sitaondoka nikaacha miche ina kiu."

Konsolata akaweka begi chini, akapandisha kitenge, akashika ndoo mwenyewe. Katika safu ya pasheni kichwa chake kikagonga kinyunyizi. Akakishika ili kisiyumbe, kikamnatia vidoleni. Akakifungua, akakisogeza puani.

"Mama. Hiki kina maziwa."

"Maziwa gani? Ng'ombe wa mwisho tuliuza baba yako akiwa hai."

"Maziwa yaliyoganda. Angalia." Kwenye tundu palikuwa na kitu cheupe, laini, kinachonuka uchachu. Akafungua cha pili, cha tatu. Vyote hivyo hivyo.

Polepole mama na binti wakainua macho, wakafuata bomba jeusi lililolala juani, likipanda mteremko mpaka kwenye tanki. Kando ya tanki alikuwa amesimama mtu mrefu mwenye shuka.

Walipanda. Gidahosh aliwapokea akitabasamu kama baba wa bwana harusi.

"Shikamoo mzee," alisema Konsolata.

"Marahaba, mtoto wa mwalimu. Mmekuja kushukuru? Kwa baraka watu hawashukuru. Kaeni."

Philomena alikuwa ameandaa maneno njiani, ya aina ile ya mbuzi wa kabichi. Neno baraka likamziba mdomo. "Baraka gani, mzee?"

"Ng'ombe wangu amezaa wiki hii. Maziwa ya kwanza tulimwachia ndama. Ijumaa jioni nikakamua, nikajaza vibuyu viwili, nikamwaga humo ndani." Akaligonga tanki. "Maji yalikuwa yameteremka chini, nikaona pana nafasi. Kitu kipya kimeanza kazi na hakuna mtu aliyekiombea! Yule fundi amefunga, amekula, ameondoka. Nikasema hapana. Kitu hiki kimekuja kumwondolea mama ndoo. Kisipobarikiwa kitamwangusha tena."

Vibuyu viwili, kiangazi, wakati nyumba nyingi za tambarare zilikuwa zinakunywa chai ya rangi. Philomena alijua thamani yake, na Konsolata pia.

Mzee akaacha kutabasamu. Akaanza kuichora ardhi kwa fimbo.

"Julai nilikuwa hapa," alisema. "Nimekaa kwenye kigoda hiki. Naiona nailoni inang'aa, nikasema mama yuko kazini. Kumbe yuko chini. Siku nzima niko hapa juu yake na sijui. Niliona aibu sana. Tangu arudi, kila asubuhi naangalia moshi wa jiko lake. Moshi ukitoka, natoa ng'ombe. Moshi ukichelewa, nashuka."

"Unashuka?" aliuliza Konsolata.

"Nimeshashuka mara mbili. Nikamkuta amechelewa kuamka tu. Nikaona haya kusema, nikauliza habari za mbuzi."

Philomena akazikumbuka asubuhi zile mbili. Hakuna mbuzi aliyewahi kupotea. Na yeye alikuwa amemjibu mzee kutoka dirishani, mara zote mbili, bila hata kumkaribisha chai.

Konsolata alimwangalia mzee, akaangalia chini kwenye paa la mama yake, ambapo kweli, kutoka hapo, jiko lilionekana wazi. Kisha akasema taratibu, kwa sauti aliyotumia kwa wagonjwa wenye heshima zao: "Mzee, baraka imefika. Tatizo ni kwamba imekuwa nzito, na yale matundu ni madogo sana. Imekwama."

Gidahosh alihitaji muda kulielewa hilo. Alipolielewa alishika kichwa, kisha akaanza kucheka, na alipocheka Philomena naye akashindwa kujizuia, na Konsolata wa mwisho.

Mchana wote ulikwenda hivyo. Maji ya kijiji yalipofunguliwa saa saba walisuuza tanki mara tatu, na ndama wakapata kinywaji cha ajabu. Bomba walilipitishia maji ya moto yenye sabuni. Konsolata alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ile ile, vinyunyizi arobaini kwenye beseni mbele yake. "Chuchu ya chupa ya mtoto ikiziba unafanya hivi hivi," alisema, akizibua moja moja kwa sindano aliyotoa kwenye mkoba. Gidahosh alivifungua kwa vidole vyake virefu na kuvihesabu kwa Kibarabaig. Philomena alipewa kazi ya kupika chai, ya maziwa, maana mzee alikuwa ametuma kibuyu cha tatu, na safari hii kilifika kwenye sufuria.

Saa kumi Philomena akazungusha koki kwa vidole viwili. Ukungu ukashuka kwenye safu zote nne. Gidahosh aliinama akaingia, akasimama katikati na kichwa wazi, matone madogo yakitua kwenye mvi zake.

"Kumbe," alisema. "Sisi wazee tukimbariki mtu tunamnyunyizia hivi hivi. Baraka mlikuwa nayo tayari, na mkaniacha nimalize maziwa."

Jioni, Philomena alikuta begi kitandani. Lilikuwa tupu. Vitenge vilikuwa vimerudi kwenye msumari wake, vimekunjwa kihospitali, kona kwa kona. Konsolata alikuwa jikoni akiosha vikombe, na hakugeuka.

"Nilitaka kumwomba mzee namba ya simu," alisema. "Akasema hana simu. Akaniuliza, ya kazi gani, na moshi upo?"

Hawakuzungumza tena habari za Babati.

Alfajiri Konsolata aliondoka na basi la kwanza. Philomena alirudi kutoka barabarani, akawasha jiko mapema kuliko siku zote, akasimama uani na kuangalia juu. Pale kwenye tanki mzee Gidahosh alikuwa amesimama, amejifunika shuka kwa sababu ya baridi. Hakuondoka. Philomena akajua anachosubiri. Alirudi jikoni akaongeza ukuni mmoja mbichi, ili moshi uonekane vizuri, na alipotoka tena mzee aliinua fimbo yake juu mara moja, akageuka, akawafungulia ng'ombe.